Kila Chuma na Moto Wake

Juu ya kabati langu la vitabu, karibu na sanamu ya Bikira Maria, pana injini ndogo inayoweza kukaa katika kiganja cha mkono. Imekufa. Ukiizungusha rafadha yake, yaani lile panga la mbele, huzunguka bila kupinga, kama gurudumu la mchezo wa watoto. Wageni huniuliza kwa nini natunza kitu kisicho na kazi, nami huwajibu kwa kifupi kwamba ni ukumbusho. Leo nataka kusema ni ukumbusho wa nini. Nimekuwa mzee, na katika parokia yetu nawaona akina baba wengi, watu wema wenye kusali, wakitenda kosa lile lile nililolitenda mimi.

Injini ile ilifanywa kwa ajili ya ndege ya mfano. Siku hizi ndege nyingi za namna hiyo huendeshwa kwa umeme wa betri, na mtoto akiipata asubuhi aweza kuirusha adhuhuri. Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa lazima uwe na injini ya kweli, yenye silinda na pistoni, nayo ilidai uvumilivu kabla ya kukupa furaha.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa useremala katika shule ya ufundi ya misioni, karibu na Lubumbashi. Wakati ule nchi yetu iliitwa Zaire, na mkoa wetu uliitwa Shaba. Mwalimu wa mitambo alikuwa Furere mmoja mzee, mtu wa maneno machache, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto na ya vyuma. Mwaka ule wakubwa wake walimwita arudi Ulaya kwa sababu ya afya yake. Kabla hajaondoka aliniita katika karakana, akanipa sanduku dogo la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na injini mpya kabisa, haijawashwa hata mara moja.

“Mwalimu,” aliniambia, “wewe wajua kuunda kwa mbao. Basi unda ndege. Lakini injini hii usiirushe kabla hujaifundisha kazi.”

Akanipa pia karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Pengine msomaji atajiuliza: chuma chafundishwaje kazi? Mafundi wa magari wa kwetu huiita kazi hiyo rodaji. Pistoni mpya na silinda mpya, hata zikichongwa na fundi hodari, si laini kama tuzionavyo kwa macho. Ukizitazama kwa hadubini utaona vilele na mabonde, kama nchi ya milima. Siku za kwanza vilele vya pistoni husugua vilele vya silinda. Injini ikienda kwa utulivu, vilele hivyo hulika kidogo kidogo, mafuta huchukua unga wa chuma na kuutoa nje, na mwisho vyuma viwili huelewana kama watu waliozoeana. Lakini ikilazimishwa kwenda kwa nguvu zote, msuguano huleta joto kali. Silinda ina mapezi ya nje yanayopozwa na upepo. Pistoni imo ndani ya moto, haina upepo. Hivyo pistoni huvimba kuliko silinda, hukaza, husugua zaidi, na joto huongezeka tena. Baada ya dakika moja tu, uzuri wote wa kazi ya fundi umekwisha kuharibika.

Karatasi ya Furere ilieleza yote. Injini ile ilikuwa ya namna ya zamani: pistoni ya chuma cha kusubu ndani ya silinda ya feleji. Nafasi ya silinda yake ilikuwa karibu sentimeta 6 za mchemraba, yaani haipiti sana kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho huweza kuizungusha rafadha mara 10,000 kwa dakika, ndiyo kusema zaidi ya mara 160 kwa kila sekunde. Furere aliagiza niifunge juu ya ubao mzito, nisiitie katika ndege. Niiwashe kwa vipindi 20 vya dakika 3, jumla yake saa nzima, na baada ya kila kipindi niiache ipoe kabisa, hata mkono uweze kuishika. Na katika vipindi hivyo vyote niifungulie sindano ya mafuta kwa wingi.

Jambo hili la sindano yafaa nilieleze, maana ndilo moyo wa kazi. Sindano ni skrubu ndogo inayopima mafuta yaingiayo. Ukiifungua sana, mafuta huwa mengi kuliko hewa. Injini hainguruma kwa ukali, bali huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Sauti yake ni nzito, tena ya kusitasita, na moshi mweupe wenye mafuta hutoka kwa wingi. Mafuta hayo mengi huosha na kupoza. Ukiifunga sindano kidogo kidogo, ghafula sauti hubadilika: injini huwaka kwa kila mzunguko, hulia kwa sauti nyembamba kama kundi la nyuki, na nguvu yake huwa maradufu. Sauti hiyo ya pili hupendeza sana masikioni mwa kijana. Nayo ndiyo iliyonidanganya.

Kuhusu mafuta yenyewe, injini hizi hazitumii esansi kama gari. Tulichanganya sehemu 4 za methanoli na sehemu 1 ya mafuta ya mbarika, mti ambao wengine huuita mbono. Wanafunzi wengi wameyajua mafuta hayo kwa huzuni, wakinyweshwa na mama zao ili kusafisha tumbo. Lakini mbarika ni mti wenye heshima kubwa. Asili yake ni Afrika, nasi twauona ukiota ovyo kando ya nyumba na penye takataka. Na mafuta yake yalilainisha injini za ndege nyingi za vita vya 1914 hadi 1918, kwa sababu huvumilia moto mkali na hayachanganyiki na esansi upesi. Mtu hudharau kilicho mlangoni pake.

Buji yake pia si kama ya gari. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuuza buji ndogo yenye uzi wa platini uliosokotwa. Uzi huo hupashwa moto kwa betri moja ya tochi ya volti moja na nusu. Injini ikiisha kuwaka, betri huondolewa, na uzi huendelea kuwaka wenyewe, kwa maana methanoli ikigusa platini huutunza moto wake. Tangu hapo ndege ndogo hazikuwa tena na haja ya kubeba betri na mitambo ya cheche.

Hapa nawaonya vijana, nisije nikawa chanzo cha msiba katika nyumba ya mtu. Methanoli si pombe ya kunywa. Ni sumu: kiasi kidogo tu chatosha kumpofusha mtu au kumwua. Tena mwali wake mchana hauonekani. Waweza kuungua kabla hujajua kwamba moto upo. Na rafadha inayozunguka hukata vidole kama shoka. Mtu husimama nyuma yake, hasimami ubavuni, wala hawashi kwa kidole mtupu, bali kwa kijiti. Makovu ya mikono ya Furere hayakutoka mahali pengine.

Basi narudi kwenye habari yangu. Nilikuwa na mwana mmoja wakati ule, kifungua-mimba wangu, mwenye miaka 11. Tuliiunda ndege pamoja, jioni baada ya jioni, kwa mbao nyepesi za balsa alizoziacha Furere. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita moja na robo, tukayafunika kwa karatasi nyembamba tuliyoipaka dawa. Ilikuwa ndege ya nyaya: mrushaji husimama katikati ya kiwanja, ameshika kishikio chenye nyaya mbili za mita 18, na ndege humzunguka kama ng’ombe akizunguka mti aliofungwa. Nyaya hizo huiambia ipande au ishuke.

Ndege ilikwisha mwanzoni mwa Agosti. Nami nilikuwa nimetangaza kwa watu wote wa parokia kwamba siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15, baada ya Misa, nitairusha mbele yao. Mwaka uliotangulia, siku iyo hiyo, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa amemtangaza Sista Anuarite kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, na kila parokia ilitaka kuifanya sikukuu ile iwe nzuri. Nilitaka kuipamba sikukuu. Lakini nikisema kweli mbele ya Mungu, nilitaka pia nionekane.

Kati ya vipindi 20 nilifanya vinne. Siku ya tatu kabla ya sikukuu nilijiambia kwamba Furere ni mzee, na wazee huongeza hesabu. Nikafunga sindano, nikaisikia ile sauti ya nyuki, nikafurahi. Mwanangu aliniuliza, “Baba, karatasi ya Furere haisemi vipindi 20?” Nikamjibu kwamba asifundishe watu wazima.

Siku ilifika. Watu walijaa kiwanjani, vumbi la kiangazi likipepea. Mwanangu aliishika ndege kwa mikono miwili huku injini ikilia. Nilipompa ishara akaiacha, ikapaa. Watu walipiga vigelegele. Ilizunguka mara moja, mara mbili, mara tano. Ilipokaribia mzunguko wa kumi nilisikia sauti ikishuka, kama mtu anayepanda mlima na kuishiwa pumzi. Kisha ikanyamaza kimya. Ndege ilikuwa juu, nyaya zikalegea, ikaanguka kichwa chini katika vumbi.

Wapenzi wasomaji, aibu ni mshauri mbaya. Mbele ya watu wote, mbele ya Padri na ya wanafunzi wangu, nilimgeukia mtoto, nikamkaripia. Nilisema kwamba aligusa sindano alipokuwa ameishika ndege. Hakujibu neno. Alinitazama tu, kisha akaenda kuokota vipande vya mabawa.

Usiku ule nilifungua injini chini ya taa. Juu ya pistoni niliona mikwaruzo mirefu iliyonyooka, kana kwamba imekwanguliwa na msumari. Mtoto hakugusa kitu. Ilikuwa ni haraka yangu iliyoandikwa pale, katika chuma, nami niliisoma wazi. Nilizungusha rafadha, haikupinga tena. Pistoni iliyokwaruzwa namna hiyo hairudishi pumzi yake. Nikaifunika injini katika kitambaa, nikalala. Kesho yake sikumwambia mtoto neno lolote.

Ningalikoma hapo, kosa lingalikuwa dogo. Lakini mwezi uliofuata nilitenda tena vile vile, si juu ya chuma bali juu ya mtu. Mtoto alikuwa amemaliza darasa la tano. Alikuwa na akili, na mimi nilijivunia. Niliomba afanye mtihani wa kuingia koleji bila kupita darasa la sita. Mwalimu wake alinijia nyumbani, akanisihi: “Mwache mwaka mmoja. Akili ipo, lakini kifua hakijakomaa.” Sikusikia. Alishinda mtihani, nikampeleka koleji ya mbali, akalala bwenini pamoja na vijana waliompita miaka miwili na mitatu. Mwaka wa kwanza alijitahidi. Mwaka wa pili alama zake zilianza kushuka, na barua zake zikawa fupi. Mwaka wa tatu alirudi nyumbani, akasema hatakwenda tena. Nilimwita mvivu. Akiwa na miaka 17 aliondoka kwenda Kolwezi, akaingia katika gereji kuwa msaidizi wa fundi wa malori.

Hakunivunjia heshima hata siku moja. Alituma salamu wakati wa Noeli na wa Pasaka, alimsaidia mama yake kwa fedha, alikuja kwenye mazishi na harusi. Lakini alikaa usiku mmoja tu, kisha akaondoka. Katika maungamo nilimwambia padri mmoja habari ya siku ile ya kiwanjani. Padri aliniambia: dhambi imesamehewa, lakini deni kwa mtoto halijalipwa, nenda ukamwambie mwenyewe. Nikakubali. Kisha nikaahirisha, mwaka hadi mwaka. Ni rahisi kupiga magoti mbele ya padri kuliko kukaa mbele ya mwanao.

Wakati huo Mungu alitupa watoto wengine, na mwaka 1995 alizaliwa kitinda-mimba, mvulana. Kwa huyo nilijiapia kwamba sitaharakisha kitu. Na kweli sikuharakisha. Alipotaka kwenda kambini pamoja na Kiro ya parokia, nilisema ngoja mwaka ujao. Alipotaka kushika randa na msumeno wangu, nilisema utajikata. Mama yake aliponiambia kwamba mtoto anakuwa mwoga, nilimjibu kwamba afadhali mwoga kuliko aliyevunjika. Nilidhani nimetubu. Kumbe nilikuwa nimegeuza kosa upande wa pili tu.

Mwaka 2010, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, kifungua-mimba wangu alikuja kutoka Kolwezi. Alikuwa na miaka 35, fundi mkubwa sasa, mwenye mke na watoto. Alimletea mdogo wake zawadi: injini ya ndege ya mfano, mpya, aliyopewa na mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nilipoiona moyo wangu ulishtuka. Nilisema, “Hii nitaifanyia rodaji mimi mwenyewe.” Nilikuwa nimeitunza karatasi ya Furere miaka 24, nami nilitaka sasa kuitii hata nukta ya mwisho.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, na wenyeji wa Lubumbashi wajua baridi yake. Niliifunga injini juu ya ubao, nikafungua sindano kwa wingi. Nilipoizungusha kwa mkono ilikaza sana pistoni ilipofika juu, ikalia kama panya aliyebanwa. Sikuona jambo hilo katika injini ya kwanza, nikaogopa, nikaifungulia mafuta zaidi. Iliwaka kwa shida, ikakohoa, ikatapika mafuta, ikazimika. Nikaiwasha tena kwa ubaridi ule ule. Kitinda-mimba alisimama nyuma yangu, mikono mifukoni, kwa maana sikumruhusu kugusa kitu.

Katika kipindi cha tatu kaka yake alitoka ndani ya nyumba. Alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha, kama afanyavyo fundi. Kisha akasema kwa upole, “Baba, wamwua huyu kwa huruma.”

Nikamwuliza ana maana gani. Akachukua kijiti, akachora mchangani. Injini hii, alisema, si ya chuma kama ile ya Furere. Pistoni yake ni ya alumini. Silinda yake ni ya shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, imepakwa kromu ndani. Silinda hiyo haikunyooka sawasawa, bali hubana kidogo juu. Ndiyo maana hulia ikiwa baridi. Walioiunda walikusudia hivyo. Ikipata joto, shaba hutanuka kuliko pistoni ile, na kile kibano hufunguka hata vyuma viwili vikae kwa kipimo chake. Lakini ukiiendesha baridi kwa mafuta mengi mno, kibano hakifunguki, na kila mzunguko pistoni husagwa dhidi ya silinda. “Ile ya kwanza iliharibiwa na moto,” alisema. “Hii huharibiwa na baridi. Kila chuma na moto wake.”

Alijaza maji ya moto katika chupa, akaiegemeza kwenye injini, akafunika yote kwa blanketi kuukuu, tukangoja. Kisha akamwita mdogo wake. “Wewe ndiwe utakayeshika sindano.” Nilifungua kinywa nikataka kukataza, nikakifunga tena. Akampa kijiti cha kuwashia, akamwonyesha mahali pa kusimama, akamfunga miwani ya karakana machoni. Injini iliwaka mara ya pili. Mtoto alifunga sindano kwa vidole vilivyotetemeka, mpaka sauti ilipoanza kupanda kwenye ile ya nyuki, si kali kabisa, bali mpakani. “Hapo,” alisema kaka yake. “Iache hapo ipate joto lake.” Dakika moja na nusu, wakaizima, wakangoja. Tena dakika mbili. Mafuta yaliyotoka mwanzoni yalikuwa ya kijivu kwa unga wa vyuma. Kipindi cha sita yalitoka safi, na injini ilishika sauti yake bila kushuka. Kitinda-mimba alikuwa amepakaa mafuta ya mbarika mpaka usoni, akicheka. Sikukumbuka ni lini nilimwona akicheka hivyo.

Walipokuwa wakingoja ipoe kwa mara ya mwisho, nilimwambia mwanangu mkubwa, mbele ya mdogo wake, “Siku ile ya mwaka 1986, wewe hukugusa sindano. Nilijua usiku ule ule. Na koleji nilikuharakisha. Nisamehe.”

Alikuwa akifuta mikono yake kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa imekwisha kuwa safi. Kisha akasema, “Nilijua kwamba wajua, Baba.” Akanyamaza kidogo. “Nilikuwa nangoja useme.”

Hakuongeza neno. Lakini safari ile alikaa kwetu siku nne.

Akina baba na akina mama wakristu, sina elimu kubwa ya kuwapa, nina injini mbili tu. Twapenda kusema: samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo ni kweli. Lakini samaki wote si sawa, wala mikono yetu haina upole sawa. Yuko mtoto aliye kama chuma cha kusubu: ana nguvu nyingi ndani yake, lakini ahitaji muda, mafuta mengi, vipindi vifupi na mapumziko; ukimlazimisha kuimba kabla ya wakati ili watu wakusifu wewe, utamkwaruza. Yuko mwingine aliye kama shaba na alumini: ukimfunika katika baridi ya hofu yako, ukimnyima kazi, kambi, chombo cha kushika na hatari ndogo ya kila siku, atajisaga mwenyewe kwa ndani, na wewe utadhani unamhurumia. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwaudhi watoto wao hata wakakata tamaa. Mimi nimejifunza kwamba mtoto huweza kukata tamaa kwa kusukumwa, na vile vile kwa kuzuiwa.

Basi kabla ya kumpa mtoto kipimo chako, msikilize. Injini yenyewe husema: ikishuka sauti inapopata moto, yakuambia imezidiwa, ikilia inapokuwa baridi, yakuambia yataka joto. Na mwalimu akija nyumbani kwako kukuambia neno juu ya mwanao, mpe kiti, umsikilize mpaka mwisho.

Na ukikosa, usingoje miaka 24. Hapo ndipo mfano wangu wa injini unapokoma. Ile iliyo juu ya kabati haikupona, wala haitapona. Hakuna tupa wala mafuta yanayoweza kuirudishia pumzi. Lakini mtoto si chuma. Mungu aliyemwumba hakuacha kumtengeneza siku ile baba yake alipomharibu. Mwanangu alipata ufundi wake, nyumba yake na imani yake, na sasa huwafundisha vijana wa gereji yake kwa uvumilivu ambao mimi sikumfundisha. Kila mara ajapo huishusha injini ile, huifuta vumbi, huizungusha rafadha mara moja kwa kidole, kisha huirudisha mahali pake, karibu na Mama wa Mungu.